Nani Amesema Imekufa?

Mtu akikuambia TV yako "imekufa" kabla hajashika bisibisi, shika mfuko wako. Hajapima chochote. Anakuuzia kitu.

Mama yangu aliambiwa hivyo. TV yake ilikuwa ile ya kisogo, inchi 21, na kitambaa cha kufuma juu yake, imekaa sebuleni tangu nikiwa darasa la tatu. Siku moja kona ya kulia ikageuka kijani. Msomaji wa taarifa akawa na shavu moja la binadamu na lingine la kinyonga. Muuza vifaa wa mtaani akaichungulia kutoka mlangoni, mikono mfukoni, akasema, "Mathe, hiyo imekufa. Siku hizi watu wako na flati." Kabla wiki iishe mama alikuwa ametia sahihi mkataba wa lipa mdogo mdogo: shilingi 100 kila siku, mwaka mzima. Piga hesabu. Ni 36,500.

Nilipofika nyumbani nikampigia fundi wa redio wa pale steji. Hakuuliza TV ni ya miaka mingapi. Aliuliza swali moja tu: "Kando yake kuna nini?" Kando yake kulikuwa na wufa mpya, zawadi ya ndugu yangu, imebanwa upande uleule wa kulia. "Songa hiyo kitu mbali," akasema.

Si uchawi. Ndani ya tyubu ya TV hizo mna bunduki tatu za elektroni, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya samawati. Nyuma ya kioo kuna wavu wa chuma wenye matundu madogo sana, ambao kazi yake ni kuhakikisha kila mwale unapiga rangi yake peke yake. Spika kubwa ina sumaku. Sumaku hupinda miale, na wavu wenyewe hubaki na usumaku. Ndiyo maana kusonga spika pekee huenda kusitoshe. Unazima TV kwenye soketi, unangoja kama nusu saa ipoe, kisha unaiwasha. Ule mngurumo mfupi unaousikia inapowaka ni koili iliyozunguka tyubu ikifuta usumaku. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu kijani ikaisha. Gharama: sufuri. Lakini mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, na sahihi haina koili ya kuifuta.

Hasira yangu iko hapo. Karibu kila ugonjwa wa rangi kwenye TV hizi hujieleza wenyewe, ukiuliza. Picha yote imekuwa ya manjano? Samawati imekosekana. Imekuwa ya zambarau? Kijani haipo. Imekuwa rangi ya maji ya bahari? Tafuta nyekundu. Ukiigonga ubavuni kidogo na rangi ikarudi, shuku risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye kile kibao kidogo kilichovalishwa shingoni mwa tyubu. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua. Na kama ule mngurumo wa kuwasha hausikiki kabisa, huenda kilichokufa ni kipuri kidogo cha bei ya chini kinachoipa koili umeme, si TV.

Kuna kisa kingine kichekesho zaidi. Mwaka 2015, tulipohamishwa kwa lazima kwenda matangazo ya dijitali, kila nyumba ilihitaji king'amuzi. King'amuzi kikiwa kimewekwa NTSC na TV yako ya zamani inajua PAL tu, picha inaweza kutokea nyeusi na nyeupe. Unaingia kwenye menyu ya king'amuzi, unachagua PAL, basi. Sasa jiulize ni TV ngapi zilizobebwa kwenda kuuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya kitufe cha rimoti.

Sisemi TV ya kisogo haifi. Tyubu huchoka. Ukiiwasha na nyekundu inachukua dakika kadhaa kujitokeza, na kila mwezi inachelewa zaidi, hiyo imezeeka kweli, mpe heshima zake. Wala sikutumi uifungue mwenyewe: ndani mna volti zinazofika 25,000, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi. Ninachosema ni kwamba "imekufa" ni jibu la mwisho la uchunguzi, haliwezi kuwa la kwanza.

Na sisi vijana tusijifanye hatumo. Sisi ndio tulioona aibu wageni wakikuta ile TV sebuleni. Sisi ndio tunaomwita fundi "mtu wa jua kali" kwa ile sauti, halafu tunamwamini mwenye fulana ya kampuni ambaye hajawahi kushika mita ya umeme. Hizo TV tulizozionea aibu zinaishia Dandora, zikivunjwa na vijana wa rika letu wanaotafuta shaba, na kioo chake kina madini ya risasi. Aibu yetu inaingia kwenye mapafu ya mtu mwingine.

Ile flati ya mama? Ilipasuka paneli miezi miwili baada ya malipo ya mwisho. Bei ya paneli ilikaribia bei ya TV nyingine, na safari hii fundi wa steji hakuwa na swali la kuuliza, kwa sababu hakuna kitu cha kurekebisha. Muuzaji akarudi mlangoni, mikono mfukoni, na karatasi mpya.

Mama alimwacha amalize kuongea. Kisha akamuuliza, "Umeipima na nini?"