Mnara wa Yangambi na Kopo la Mnunuzi

Dominika moja baada ya Misa, hapa Kisangani, mzee mmoja wa shirika letu alinivuta pembeni, chini ya mwembe. Akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, wewe uliyesoma seminarini, ni kweli kwamba ule mnara wa Yangambi unavuta hewa ya msitu wetu na kuipeleka Ulaya?» Nilicheka. Nilikosa. Mzee hakuja kufanya mzaha. Alikuwa na hofu, na nyuma yake walisimama vijana watatu wakingoja jibu langu wapate kulipeleka Mangobo.

Nalijibu sasa mbele ya wote, kwa maana neno hilo nalisikia tena na tena, hata vinywani mwa watu waliomaliza shule.

Yangambi ni kama kilomita 100 kutoka kwetu, ukishuka mto. Huko Wabelgiji waliweka kituo kikubwa cha kuchunguza mimea baada ya kuunda shirika lao la uchunguzi wa kilimo mwaka 1933. Leo kituo ni mali ya nchi yetu, chini ya INERA. Mwaka 2020, katika msitu wa huko, ulisimamishwa mnara wa chuma wenye urefu wa mita 55, kazi ya INERA pamoja na Chuo Kikuu cha Ghent, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kabla yake bonde zima la mto Kongo halikuwa na mnara wa namna hiyo hata mmoja.

Nao wafanya nini? Juu yake, kupita vilele vya miti, kuna chombo kinachosikiliza upepo. Chatuma mlio usiosikika na sikio la mtu, kutoka ncha moja hadi nyingine. Upepo ukiuchelewesha mlio au ukiuharakisha, chombo chajua upepo waenda upande gani na kwa mbio gani, mara kumi na zaidi katika sekunde moja. Chombo cha pili chapitisha katika hewa mwanga usioonekana na macho, na kupima umepungua kiasi gani, kwa kuwa hewa ya ukaa huunywa mwanga huo. Kinachobaki ni hesabu. Kama hewa ipandayo kutoka msituni ina ukaa kidogo, na hewa ishukayo ina ukaa mwingi, basi ile tofauti imebaki chini: miti imeila. Usiku mambo hugeuka, maana miti na udongo hupumua. Wataalamu huzidisha badiliko dogo la upepo kwa badiliko dogo la ukaa, maelfu kwa maelfu ya mara, wakatafuta wastani wa kila nusu saa. Hiyo ndiyo kazi ya mnara mchana na usiku. Muuguzi akikuwekea kipimajoto kwapani, je, amekuibia homa?

Lakini nisimwonee mzee. Katika hofu yake mna nusu ya kweli. Hewa haisafirishwi, ila hesabu ya hewa yauzwa! Ziko kampuni za mbali zinazotoa moshi mwingi, nazo hulipa ili msitu fulani usikatwe, kisha huandika katika daftari zao kwamba deni la moshi wao limepungua. Sasa fikirini mama wa Lubunga aliyevuka mto na gunia lake la mchele. Akifika sokoni bila kopo, na kopo likawa la mnunuzi, nani atasema limejaa au halijajaa? Mnunuzi. Mama atapokea atakachopewa, na jioni atarudi akinung'unika kwamba ameibiwa, pasipo kuweza kuonyesha ameibiwa kiasi gani.

Ndiyo hali yetu. Wenye kupiga kelele dhidi ya mnara wataka kulivunja kopo la kwanza lililowekwa nyumbani mwetu. Mimi nasema: tulishike kopo, tujifunze kulijaza na kulisawazisha wenyewe.

Na si ndoto. Chini ya mto, katika vinamasi vya bonde la kati, majani na magogo yamelala majini bila kuoza kabisa, yamejilundika kwa miaka zaidi ya elfu kumi. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kipimo kipya: eneo la kilomita za mraba 167,600, zaidi ya mara tano ya Ubelgiji, lenye kaboni kama tani bilioni 29, na theluthi mbili zake ziko upande wetu wa mpaka. Mmoja wa waliopima ni Profesa Corneille Ewango wa Chuo Kikuu chetu cha Kisangani. Kuzama matopeni na kuchoma fimbo ya chuma ardhini hatua kwa hatua, hiyo nayo ni fizikia! Mwezi ule ule wa Julai 2022 serikali ilitoa mnadani vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine juu ya vinamasi hivyo hivyo. Mnada wa vile vya mafuta ulifutwa mwaka 2024. Waliobishana nao walikuwa na hesabu mkononi. Bila hesabu wangekuwa na kilio tu, na kilio chetu kimesikiwa mara ngapi?

Wako wengine, watu wema wa sala, waniambiao kwamba Mkristu hana haja ya mambo haya. Hao nawauliza kama wamesikia habari za Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain, ambaye mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka. Alisoma breviari yake, akapiga hesabu zake, wala kimoja hakikukiumiza kingine.

Neno langu la mwisho ni kwa wasomi wetu. Mmepima, mmeandika kwa Kiingereza na Kifaransa, mmesifiwa katika mikutano. Mzee wa shirika letu mmemwandikia nini? Mahali pasipo jibu, uvumi hujenga nyumba yake. Njoni Dominika moja mtueleze kwa Kiswahili, au kwa Lingala, ule mnara ulisema nini mwaka jana. Viti tunavyo.

Nami nimemwambia mzee twende Yangambi kwa mashua akajionee. Amekubali. Ameuliza tu nauli italipwa na nani, na kama aweza kumleta mjukuu wake aliye sekondari, sehemu ya hesabu na fizikia, kwa sababu huyo, asema, ndiye ajuaye kuzidisha.