Mapokezi Ni Somo la Kwanza

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Kuwajua kwa majina hakukuwa kazi kubwa. Leo wageni wa Mlimani ni maelfu, na watumishi hutayarisha orodha, vyumba na ratiba. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Hata sisi wakufunzi tumekosea: mara nyingi tumewasomea wageni sheria kabla ya kuwapa salamu. Mgeni aliyepokewa kwa karipio amekwisha kufundishwa kunyamaza. Nanyi, walimu wanafunzi, kesho mtapokea watoto wa darasa la kwanza. Yajueni majina yao kabla ya kuwagawia madaftari. Mtoto aitwaye kwa jina lake hutambua kwamba alikuwa akingojewa.