Uraia wa Masisi na Kura za Wanasiasa

Hakuna mahali nchini Kongo ambapo sheria ya uraia imeumiza watu kama Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi, hasa Gishari, maelfu ya wakulima kutoka Rwanda na kuwaweka kwenye ardhi ya wenyeji, Wahunde. Uhuru ulipofika, swali la nani ni Mkongomani lilibaki mikononi mwa wanasiasa.

Katiba ya 1964 ilidai kabila la mtu liwe limekuwepo nchini kabla ya 18 Oktoba 1908, hivyo waliohamishwa na Wabelgiji wakabaki nje. Januari 1972, Barthélemy Bisengimana akiwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu, sheria mpya iliwapa uraia wote waliofika Kivu kabla ya 1950. Wenyeji waliipokea kwa hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Sheria ya Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na mashamba makubwa ya Wazungu yakaangukia wenye jamaa Kinshasa. Mkulima wa Nyabiondo, huko Masisi, aliyelima miaka yote kwa idhini ya mwami, chifu wa jadi, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Dawa iliyotolewa ilizidi ugonjwa. Tarehe 29 Juni 1981 bunge lilifuta sheria ya 1972 na kurudisha kipimo hadi 1 Agosti 1885. Familia zilizokuwa za Wakongomani kwa miaka tisa ziliambiwa ziombe uraia upya, mtu mmoja mmoja. Kumnyang'anya mtu uraia kwa kura ni dhuluma, hata kama aliyepiga kura hiyo alikuwa anatetea shamba la babu yake. Mabishano yakaendelea katika Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulioanza 1991, hadi 20 Machi 1993 wanamgambo walipovamia soko la Ntoto, Walikale, na kuua Wanyarwanda. Mauaji yakaenea Masisi, na kila upande ukazika watu wake.

Sheria ya 12 Novemba 2004 ndiyo iliyo bora kuliko zote: inatambua makabila yote yaliyokuwa nchini siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Katiba ya 2006 iliithibitisha. Lakini karatasi haikuwazuia wenye bunduki. Mwezi mmoja tu baada ya sheria hiyo, Desemba 2004, wanajeshi waliotoka kundi la waasi la zamani la RCD-Goma waliishambulia Nyabiondo, wakaua raia na kupora nyumba.

Mwaka 2021 swali la uraia lilirudi bungeni: mbunge Nsingi Pululu aliwasilisha pendekezo la mwanasiasa Noël Tshiani, linalotaka urais uwe wa mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongomani. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 Masisi haikupiga kura kwa sababu ya vita. Siku itakapopiga, kila mgombea atakayefika Nyabiondo aulizwe hadharani: sheria ya 2004 utailinda, au utaigusa?