Acheni kulibana shairi

Siku hizi kila anayetaka kurekodi sauti yake nyumbani anapewa ushauri mmoja: weka kompresa. Hajauliza hata maikrofoni ikae wapi, ameshatumiwa plagini. Awe na shairi, awe na hadithi fupi, awe na bibi yake kule Masama anayejua ngano za Kimashami, dawa ni ileile na kipimo ni kilekile: bana mpaka sauti iwe nene kama ya mtangazaji. Nimesikiliza rekodi nyingi za fasihi ya Kiswahili zilizotoka vyumbani kwa watu, na nasema bila kupepesa macho kwamba nyingi zimeharibiwa na huyohuyo anayeitwa mkombozi.

Tuelewane kwanza, maana neno "kubana" linatuchanganya. MP3 hubana ukubwa wa faili. Kompresa haihusiki na hilo. Yenyewe hubana tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo. Unaiwekea kizingiti, na sauti ikikivuka inashushwa kwa uwiano uliouchagua. Kwa uwiano wa 3 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 6 inatoka ikiwa imevuka kwa desibeli 2 tu. Vilele vikishashushwa, rekodi nzima inaonekana imezama, kwa hiyo unapandisha kila kitu ili kufidia.

Kesi yangu iko hapo kwenye "kila kitu". Ni pamoja na friji, jogoo wa jirani na matone yanayodondoka kwenye migomba. Ni pamoja na bati. Anayeishi huku mlimani anajua masika ya Machi hadi Mei yanavyolipiga bati, huhitaji kuelezwa. Tuseme chumba chako, ukinyamaza kabisa, kina kelele ya desibeli -58. Ukifidia kwa desibeli 8, kelele imefika -50. Sasa ACX, wanaopokea vitabu vya sauti kwa ajili ya Audible, wanataka kelele isizidi -60. Ulikuwa umekaribia mlango, kompresa ikakurudisha barabarani. Blanketi mbili nzito, kabati la nguo lililoachwa wazi nyuma yako na friji iliyochomolewa kwa nusu saa vingekufikisha, tena bure. Lakini blanketi halina taa za kuwaka na vitufe vya kuzungusha, kwa hiyo hakuna anayelitengenezea video.

Kelele, hata hivyo, ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya shairi lenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kina kinakaa kwenye silabi ya mwisho kabisa, ile isiyo na mkazo. Yaani sehemu inayobeba urari wa shairi ndiyo inayotamkwa kwa upole. Msomaji mzuri anaijua mizani hiyo kwa mdomo, hata kama hajawahi kuisoma darasani: anapanda, anashuka, anakiacha kina kitue. Kompresa inayobana kwa nguvu na kuachia haraka haijui kutua. Silabi yenye mkazo inakandamizwa, ya mwisho inainuliwa, zote zinakaribia kuwa kimo kimoja. Ndiyo, kidatu cha sauti kinabaki, urefu wa silabi unabaki, na msikilizaji bado atatofautisha barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya "sawasawa". Uzito ndio umeondoka. Shairi linasikika kama tangazo la mkopo.

Halafu kuna kile kimya kati ya ukwapi na utao. Katika mshororo wa mizani 16, kituo hicho si pengo, ni sehemu ya shairi. Msomaji anaponyamaza, kompresa nayo inaachia, na sauti ya chumba inafura kujaza nafasi. Akianza tena, inazama. Inafura, inazama, mshororo baada ya mshororo, kama mtu mwenye pumu amesimama nyuma ya msomaji. Ukishaisikia mara moja huwezi tena kuacha kuisikia.

Najua nitaambiwa: mbona redio wanabana? Redio wana sababu zao. Mtambo wa kurushia matangazo hauvumilii vilele, na msikilizaji yuko jikoni au kwenye Noah inayopanda kutoka Kwa Sadala huku vioo vinatetema. Bongo Fleva nayo ina haki yake. Sauti ya mwanamuziki inagombana na ngoma, besi na kinanda, ikitaka kubanwa ibanwe. Hata ile 1176 ya Bill Putnam, iliyotoka 1967 na ambayo kila mtu leo ana nakala yake kwenye kompyuta, ni chombo kizuri sana. Ila inashika sauti kwa chini ya milisekunde 1. Huo wepesi unamfaa mtu anayepambana na gitaa la umeme. Mtu anayesoma utenzi chumbani peke yake anapambana na nani?

Na hoja ya "sauti kubwa ndiyo inayosikilizwa" imeshakufa, sijui kwa nini bado tunaifanyia tanga. Spotify kwa kawaida hupima wastani wa ukubwa wa sauti na kuusogeza kwenye LUFS -14. Aliyebana mpaka rekodi yake ikapita hapo anashushwa. Kwa hiyo umelipa kwa uhai wa usomaji, halafu ulichonunua kimechukuliwa mlangoni.

Kinachonikera zaidi ni wazee. Vijana wanapanda Masama na Machame wakati wa Krismasi, wanamkalisha babu, wanamrekodi akisimulia. Jambo jema sana. Lakini programu nyingi za simu hupandisha na kushusha sauti zenyewe bila kukuuliza, na hiyo ni kompresa hata kama haikujitambulisha. Babu anaposhusha sauti ili fisi wa ngano aingie, simu inampandisha. Kijana akirudi mjini anabana tena kwenye kompyuta ili "isafike", anaihifadhi hiyo, na ghafi anaifuta kwa sababu inajaza nafasi. Aliyebana hawezi kubanua. Hakuna kitufe kinachorudisha mnong'ono baada ya kuulinganisha na ukelele.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za HMV, wakati vyombo hivi vilikuwa bado havijawa vya kawaida studio. Kazi ya kulinganisha sauti ilifanywa na koo, na umbali wa mwimbaji kutoka kwenye chombo. Mbinu hiyo haijapitwa na wakati: kaa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, geuza mdomo kidogo pembeni ili herufi P isipasue, na ukitaka kupaza sauti, rudi nyuma.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, vilele vikicheza karibu na -10, bila kompresa yoyote njiani. Kwenye simu, tafuta programu inayokuruhusu kuzima upandishaji wa moja kwa moja. Ukishamaliza, na kama kweli kuna maneno yanayoruka, fanya kazi kwenye nakala: uwiano wa 2 kwa 1, ushikaji wa milisekunde 15 au 20, uachiaji wa karibu 200, na kizingiti ukishushe mpaka mshale uguswe na maneno makubwa tu, desibeli 2 au 3, basi. Kisha izime, iwashe, izime tena huku umefumba macho. Usipojua ipi ni ipi, umeweka vizuri. Faili ghafi ya babu iandike jina lake, kijiji na tarehe, iweke sehemu mbili tofauti, na plagini zisiiguse.