Sungura Akizeeka, Nani Atamnyonyesha?



Sisi tuliokulia Gisenyi tulifundishwa methali moja kabla hatujajua kusoma: urukwavu rukuze rwonka abana, maana yake sungura akizeeka hunyonya watoto wake. Tuliisikia tulipotumwa maji tukakawia njiani. Tuliisikia tena tulipopewa ada ya shule, ili tusisahau nani aliyeitoa jasho. Methali hiyo ni ya heshima na hatuikatai. Lakini tunasema wazi kwamba haitoshi kuwa mpango wa uzee wa mfanyakazi, na chama kinachopigania mshahara wa leo bila kuuliza habari za chakula cha uzeeni kimefanya nusu tu ya kazi yake.

Hebu tukumbuke mambo yalivyokuwa. Katika nyumba nyingi za utoto wetu, babu na bibi walikaa ua mmoja na wajukuu. Shamba la viazi na maharage lilikuwa hapo karibu mlimani. Asubuhi wavuvi waliporudi kutoka Ziwa Kivu na sambaza, samaki walioletwa humo kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, bibi aliwaanika na sisi watoto tulifukuza kunguru. Mzee hakuwa mzigo. Alilinda nyumba, alitunza wadogo, aliamua ugomvi, na jioni alikula chungu kimoja na sisi. Hiyo ndiyo ilikuwa pensheni yake. Nayo ilisimama juu ya mambo mawili: ardhi ilikuwepo, na watoto walikuwa karibu.

Leo mambo yote mawili yamepungua. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, mpaka limebaki vipande. Watoto wako Kigali, wako Kampala, wako ng'ambo ya mpaka. Kijana anayelipa kodi ya chumba mjini, na kulisha watoto wake, hawezi kutuma fedha nyumbani kila mwezi. Tusimwite mwana mbaya. Mshahara wake ni mmoja na midomo ni mingi. Tena mara nyingi mambo yamepinduka kabisa: bibi wa miaka 70 analea wajukuu walioachwa mikononi mwake, na sungura mzee ndiye anayenyonywa.

Wako pia wazee ambao methali hii haiwezi kuwaambia neno. Nchini mwetu wanaitwa incike, wazee walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na kufiwa na watoto wao wote. Kwa ajili yao zimejengwa nyumba za pamoja ziitwazo Impinganzima, huko Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi. Wazee hao wametufundisha jambo ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulishika: haki ya mzee kula na kutibiwa haiwezi kutegemea kwamba amebaki na mtoto.

Sasa tuitazame hali ya wafanyakazi wenyewe. Wale wenye mwajiri na karatasi ya mshahara wamekuwa na hifadhi ya jamii tangu mwaka 1962, na leo inaendeshwa na RSSB. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Wengi walinung'unika walipoona makato, na manung'uniko hayo tunayaelewa. Lakini hatari kubwa haiko kwenye fedha iliyokatwa. Iko kwenye fedha iliyokatwa isipelekwe. Sheria inataka michango ya miaka 15 ndipo mtu alipwe pensheni kila mwezi. Aliyepungukiwa hulipwa mara moja tu, basi. Chukueni mfano wa mtu aliyefanya kazi miaka 20 kwa waajiri watatu, na mmoja wao hakupeleka michango ya miaka 6. Mtu huyo atagundua upungufu akiwa na mvi, wakati hana tena nguvu ya kuhangaika ofisini.

Kundi la pili ndilo kubwa zaidi katika mji wetu. Ni wapakiaji wa mizigo, wavuvi, mafundi, akina mama wanaovuka Petite Barrière na mabeseni ya mboga kichwani, na ndugu zetu walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa bidhaa za Goma. Hawa hula walichopata siku hiyo. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na vita vilipofika Goma Januari 2025, wengi walikosa hata hicho. Kwao upo mpango wa akiba wa Ejo Heza, ulioanzishwa mwaka 2018, ambao mtu hujiunga kwa hiari hata kama hana mwajiri. Lakini hiari ya mtu mwenye njaa ni ndogo. Akiachwa peke yake, ataahirisha mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao tena.

Wako watakaosema: mkiwapa wazee pensheni, vijana watawatupa. Sisi tunaona kinyume. Mzee mwenye fedha kidogo yake mwenyewe hununua sukari yake, humpa mjukuu daftari, na mwanawe anapokuja huja kumsalimu bila hofu ya kuombwa. Umaskini ndio unaovunja nyumba, na ndio unaomfanya mtoto apite mbali na mlango wa mama yake kwa aibu ya mikono mitupu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila tawi liwasaidie wanachama kukagua michango yao kila mwaka, wangali kazini na mwajiri angali karibu. Pili, vyama vya ushirika vya wavuvi, wapakiaji na wachuuzi vikusanye akiba ya Ejo Heza pamoja, siku za mapato mazuri, na chama chetu kiwape makarani wa kuwasaidia. Tatu, mpaka unapofungwa, serikali ichangie akiba ya wale ambao riziki yao imefungwa pamoja nao.

Tuwalee watoto wetu kwa sababu ni watoto wetu, tusiwahesabu kuwa akiba. Mkutano ujao wa tawi uliweke jambo hili mwanzoni mwa ajenda, wala lisisukumwe kwenye mengineyo.