Mashindano ya Magari na Haki ya Mnyonge

Mwaka 1953, waanzilishi wa mbio za magari za Afrika Mashariki, waliotaka kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza kwa safari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, waliweka kanuni ambayo leo haitajwi sana hata na mashabiki wakubwa wa mbio hizo, ambazo siku hizi huitwa Safari Rally, nayo ni kwamba magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa ada ya Ulaya. Mwenye gari la bei ya chini alishindana na wenziwe wa bei ya chini, na mwenye gari la fakhari akakutana na mwenye fakhari mwenziwe. Sidhani kwamba waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wa insafu kupita kiasi, maana Kenya yenyewe ilikuwa chini ya ukoloni na sheria za hali ya hatari, na Mwafrika karibu hakuwa na nafasi katika sherehe ile ila ya kusukuma gari lililokwama. Walakini katika jambo hilo moja waliona sawasawa, na suala la vikosi vidogo visivyo na fedha, ambalo linasumbua mashindano ya magari duniani kote hivi sasa, sijaona lilikopata jawabu bora kuliko lile.

Tangu 1953 hata 1971 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeondoka na ushindi wa mbio hizo. Vic Preston alishinda 1954 kwa Volkswagen ndogo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika mikononi mwa wengine. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo watu wa nchi hizi walilijua kwa kubeba abiria na mizigo kabla ya kulijua kwa mashindano. Sisemi kwamba kanuni ya bei peke yake ndiyo iliyoleta hayo, kwa kuwa barabara nazo zilikuwa na sehemu yao: mwaka 1963, na vivyo hivyo 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho wa safari, na katika njia ya namna ile fedha za kiwanda cha Ulaya hazikumsaidia mtu asiyejua mto gani hujaa usiku na upi hupitika alfajiri.

Watu wa Ukambani waliyajua hayo kwa macho yao. Njia ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, yaani hukata nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni kutoka upande mmoja hata wa pili. Na kwa kuwa kwa miaka mingi mashindano yalifanywa siku za Pasaka, masika yalikuwa yamekwisha kuanza au yalikuwa karibu. Udongo mweusi hushika gurudumu usiliachie. Mito ya mchanga, ambayo kwa miezi mingi ni njia ya ng'ombe na punda wa maji, hushuka ghafla na maji mekundu kutoka milimani. Kikosi kidogo katika hali hiyo kilikuwa na pikapu moja, fundi mmoja au wawili, madebe ya petroli, springi na shokamzoba za akiba, na thamosi ya chai. Gari liliposimama chini ya mibuyu ya Kibwezi, fundi aliingia chini yake injini ikiwa bado inatokota, akafungua nati kwa mikono iliyofungwa matambara kwa sababu ya joto la ekzosi, naye akijua kwamba kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa juu ya dereva wake. Matajiri, katika miaka ya baadaye, walikuwa na helikopta ya kushusha mafundi popote, na ndege ndogo iliyoelea juu ikipokea na kupeleka habari kwa redio. Pale Makindu lipo hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926, ambalo dasturi yake hata leo ni kumlisha na kumlaza msafiri yeyote bila malipo na bila kumuuliza dini yake. Nami nadhani hiyo ndiyo auni pekee katika barabara ile yote isiyotazama kwanza jina la kampuni lililoandikwa mlangoni mwa gari.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Ford Escort, na mlango ukafunguka. Shekhar Mehta, mkazi wa Kenya, alishinda mara 5, mara 4 kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, lakini magari yake ya Datsun yalikuwa na mkono wa kiwanda nyuma yake. Na baada yake, hadi mashindano yalipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, mwenyeji mmoja tu, Ian Duncan, ndiye aliyeshinda, 1994. Patrick Njiru wa Kenya aliwafurahisha wengi 1993 alipofikisha salama Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, katika nafasi ya 12, ilhali Colin McRae wa Scotland, aliyekuwa na kigari kama hicho hicho, alishindwa kumaliza. Hata hivyo tusijidanganye, kwa maana Vivio nayo ilikuwa ya kiwanda, na mwenyeji alikwisha kuwa mtu wa kukodishwa katika mashindano yaliyoanzishwa kwa ajili ya wenyeji.

Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, hayakurudi Ukambani. Makao yake sasa ni Naivasha. Kati ya madereva wetu, Onkar Rai alimaliza wa 7, Karan Patel wa 8 na Carl Tundo wa 9, na nchi ikashangilia, nayo ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini 2022 na 2023 magari manne ya Toyota yalichukua nafasi nne za kwanza, miaka miwili mfululizo, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa mitambo kulifahamu jambo hilo. Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3 mwaka 2022, na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo katika mashindano ya dunia, alishinda kwa Ford Fiesta ya Rally3. Daraja hilo bei ya gari lake ina kikomo kilichowekwa na Shirikisho la Magari Duniani, FIA. Naomba msomaji aliangalie hilo vizuri, kwa sababu kipaji chake kilipata nafasi ya kuonekana pale ambapo bei ilikuwa imefungwa.

Hali ya vikosi vidogo katika langalanga za Formula One ni hiyo hiyo, ila kwa tarakimu kubwa zaidi. HRT ya Uhispania ilitoweka mwisho wa 2012. Marussia ilipata pointi 2 kwa mkono wa Jules Bianchi huko Monaco 2014, pointi ambazo thamani yake katika mgao wa fedha ilikuwa kubwa mno, na mwaka huo huo ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Ilipofufuka kwa jina la Manor, ilipoteza nafasi yake ya 10 katika msimamo wa vikosi siku moja ya mvua huko Brazil 2016, Felipe Nasr wa Sauber alipomaliza wa 9, na kufika Januari 2017 ikawa haipo. Caterham, ili iweze kushiriki mbio za Abu Dhabi mwezi Novemba 2014, ilipitisha bakuli kwa mashabiki, jambo ambalo magazeti ya Uingereza yaliliona kioja, lakini Mkenya yeyote angelitambua mara moja kuwa ni harambee. Ni mpaka 2021 ndipo wenye mashindano walipoweka kikomo cha matumizi, dola milioni 145 kwa mwaka, baada ya wanyonge wengi kuwa wamekwisha kuzikwa.

Sasa wapo watu wanaosema kwamba serikali, kuu na za kaunti, ziwalipie madereva wetu. Na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za michezo, na serikali kuu yenyewe imegharimia kurudi kwa mashindano. Lakini mtu akisimama Wote au Mutomo na kusema kwamba fedha za umma zinunue matairi ya rali, atajibiwa kwa neno moja, nalo ni maji. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi wake ulianza 2018, na miaka mingi baadaye watu bado walikuwa wakilingoja. Na mwanamke anayechimba mchanga wa mto kwa kikombe ili apate debe moja haelewi, wala hana sababu ya kuelewa, kwa nini dereva mmoja apewe mwishoni mwa juma moja kile ambacho kijiji chake hakijakipata katika kizazi kizima. Mimi naungana naye. Ruzuku kwa dereva huliwa na kwisha, na aghalabu humwendea aliye karibu na mlango wa mwenye kutoa.

Walakini kutompa dereva si kumwacha mnyonge alivyo. Unyonge huu chanzo chake ni kanuni, na kanuni ndiyo inayoweza kuuondoa kwa gharama ndogo. FIA wenyewe wamekwisha kulikubali jambo hili nusu nusu, kwa kuweka kikomo cha euro 345,000 kwa gari la daraja la juu kuanzia 2027. Ni hatua njema kwa Ulaya, lakini kwa fundi wa Kitui ni makumi ya milioni ya shilingi, sawa na kumwambia kwamba mbingu zimeshushwa kidogo. Finland na Sweden, kwa upande wa mashindano ya watu wa kawaida, zina kanuni kali zaidi: gari lolote lililoshiriki huuzwa kwa bei moja iliyowekwa kwa wote, akitokea wa kulitaka, na mwenyewe hana ruhusa ya kukataa. Nani atatia mali yake yote katika injini ya gari ambalo jirani anaweza kulinunua jioni hiyo hiyo kwa bei ndogo? Finland, isisahaulike, ndiyo nchi ya madereva wa rali Kankkunen, Mäkinen na Rovanperä.

Kanuni kama hiyo ingewafaa watu wa Ukambani kuliko wengi. Mafundi wa Emali, Wote na mji wa Kitui huziweka barabarani Probox zilizopakiwa maembe hata bampa ya nyuma inakaribia kugusa lami, nao hujua kwa kusikiliza tu kama ni bushi iliyokwisha au ni beringi. Maarifa hayo hayana daraja la kushindania. Tena vyuo vya ufundi vya vijiji viko mikononi mwa kaunti kwa Katiba ile ile, na shilingi iliyonunua mtambo wa kulehemu, au jeki ya kuinulia gari, hubaki chuoni ikifundisha hata baada ya mashindano kusahauliwa, na hufaa trekta na pampu ya maji kama inavyofaa gari la rali.

Ombi langu kwa Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya ni kwamba liweke katika kalenda ya taifa daraja moja linalopimwa kwa bei ya gari katika soko la hapa, pamoja na sharti la kuuza, na mbio zake za kwanza zifanywe Makueni au Kitui, ambako barabara za vumbi bado zipo tele; na kwa serikali za kaunti hizo mbili, ninaziomba zisimnunulie dereva yeyote tairi hata moja, bali zimpe fundi kijana karakana yenye vifaa, kisha zimwache akashindane.