Kijana Wetu, Picha ya Luxor na Swali la Baba Yake



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja alinijia hapa Makenke akitokea Nakivale. Alikuja kwa bodaboda mpaka mjini, kisha akatembea, na vumbi lilikuwa limemfika magotini. Hakutaka hata maji. Alitoa simu mfukoni akanionyesha picha.

Katika picha alikuwa mwanawe, kijana niliyemfundisha tangu alifu kwa kijiti mpaka akaweza kusimama mbele ya watu na kusoma. Sasa yuko Cairo, mwanafunzi wa dini, anakaa na wanafunzi wenzake kutoka nchi nyingi. Wakati wa likizo walikodi basi, kundi la utamaduni la vijana wa Kimisri na wageni wao, wakaenda kusini kutazama mahekalu ya kale. Kijana wetu amesimama miguuni pa sanamu la Ramses wa Pili katika hekalu la Luxor, mkono mmoja juu ya jiwe, anacheka meno yote nje.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "mimi niliuza mbuzi wangu wanne mtoto aende kujifunza dini. Sasa anasimama na masanamu ya Firauni?"

Akataka nimwandikie kijana leo hii hii, nimkataze. Nilimwomba anipe muda. Na kwa kuwa picha ile imekwisha pita kwenye simu za wazazi wengi, na wengine wameanza kuuliza kama ni salama kuwapeleka watoto wao huko, naona bora nijibu mbele ya wote. Mimi ni mwalimu wa chuo tu, si mufti, na mwenye ilimu zaidi anirekebishe.

Kwanza nikiri kwamba mzee ana dalili mkononi, tena nzito. Mtume (s.a.w.) alipokuwa njiani kwenda Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, alipita na jeshi lake kwenye nyumba za Thamud pale Hijr, zile zilizochongwa milimani. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliwakataza maswahaba wasiingie kwa watu wale walioadhibiwa ila wakiwa wanalia, kisha akajifunika kichwa na akaharakisha mwendo mpaka wakalivuka bonde. Hata unga waliokanda kwa maji ya visima vile aliamuru wapewe ngamia. Mtu aliyesoma hadithi hii hawezi kusema kuwa magofu ni mawe tu.

Lakini tuitazame vizuri. Katazo lina "ila" ndani yake. Aliyeingia analia hakukatazwa. Kilichokatazwa ni kuingia umeghafilika, kama mtu anayeingia sokoni. Na upande wa pili Qur'ani inatuambia zaidi ya mara moja, kwa mfano katika Suratur Rum aya ya 9, kuhusu kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, ambao walikuwa na nguvu kuliko sisi na waliijenga ardhi kuliko tulivyoijenga. Huwezi kutazama mwisho wao ukiwa umekaa chini ya mwembe Makenke. Wengine lazima waende, warudi watuambie.

Pia Firauni hakuadhibiwa Luxor. Aliadhibiwa baharini. Mahekalu yale, makaburi, mabustani na chemchemi ndivyo walivyoviacha nyuma, na Suratud Dukhan, aya ya 25 mpaka 28, inaeleza kwamba viliachwa na wakarithishwa watu wengine. Kwa fahamu yangu ndogo, hukumu ya mahali adhabu iliposhukia na hukumu ya mali iliyoachwa na aliyeadhibiwa hazilingani moja kwa moja. Najua wapo masheikh wanaozifanya moja, na ninawaheshimu.

Hebu tuwatazame waliotangulia. Amr bin al-As (r.a.) alipoifungua Misri, mnamo mwaka 641 kwa hesabu ya miladi, pamoja naye walikuwamo maswahaba. Walijenga Fustat na msikiti wao, na piramidi za Giza zilikuwa zinaonekana ng'ambo ya mto. Waliziacha. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwaka 1196, al-Aziz Uthman, mtoto wa Salahuddin, ndiye aliyeshawishiwa azibomoe, akaanza na ndogo katika zile tatu kubwa, ya Menkaure. Mafundi walipiga kambi wakafanya kazi miezi minane. Walifaulu kutoboa pengo upande mmoja, fedha zikaisha, wakaondoka. Pengo lipo mpaka leo. Tabibu Abdul Latif al-Baghdadi, mwanachuoni aliyekuwa Misri miaka hiyo, ameandika habari hiyo, na katika kitabu chake aliwalaumu waliokuwa wakiharibu athari za kale. Ameandika kwamba wafalme wa nyuma walikuwa wakizihifadhi, japo wenye athari zile walikuwa maadui wa dini. Kwa hiyo kijana wetu si wa kwanza. Wanavyuoni wa Kiislamu walisimama pale kabla yake, wakapima, wakaandika.

Sasa nifike kwenye hekalu lenyewe la Luxor. Lilianzwa na Amenhotep wa Tatu, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Nabii Issa (a.s.), na Ramses akaongeza ukumbi wake mbele. Wafalme wale wakaondoka. Warumi wakaligeuza kambi ya askari. Wakristo wakasali ndani yake. Mchanga na vifusi vikapanda karne kwa karne mpaka nguzo zikabaki zimezama nusu, na watu wakajenga nyumba juu yake bila kujali kilichoko chini. Katika karne ya 13 ukajengwa msikiti juu ya vifusi hivyo, msikiti wa Abul Haggag. Wachimbaji walipoanza kuondoa udongo miaka ya 1880, nyumba zilibomolewa, lakini msikiti haukuguswa. Matokeo yake, mlango wa zamani wa msikiti leo uko juu ukutani, mita kadhaa kutoka ardhini, hauwezi kuufikia bila ngazi. Na sala inaswaliwa humo mpaka leo. Adhana inatoka juu ya vichwa vya masanamu ya Ramses.

Nilimuuliza kijana kwa simu kama aliuona. Akasema ndiyo, na kwamba Adhuhuri siku ile waliswali humo. Nikamwambia, basi mbona hukutuma picha hiyo? Akanyamaza.

Hapo ndipo ninapokubaliana na baba yake. Kosa la picha ile ni kicheko, na mkono ule uliowekwa juu ya jiwe kama mtu amekutana na mjomba wake. Kundi likishuka kwenye basi, kiongozi anahimiza, kila mtu anatoa simu, dakika arobaini zimekwisha, twende dukani kwa manukato. Mwenye akili timamu anarudi akiwa hajui alichokiona. Mtoto wa Kiislamu anayejua Asiya ni nani, aliyeolewa na Firauni akaomba nyumba peponi, anayemjua mama yake Musa na kisanduku mtoni, anayejua kuwa Bi Hajar alitoka Misri na kwamba Mtume (s.a.w.) aliusia wema kwa watu wa nchi hiyo kwa sababu ya udugu huo, huyo hatakiwi kusimama pale kama mtalii mwingine yeyote.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Nimewahi kusikia darsani, na zamani niliwahi kusema mwenyewe, Allah anisamehe, kwamba Wana wa Israili ndio waliojenga piramidi kwa mijeledi ya Firauni. Si kweli. Piramidi kubwa ya Khufu, iliyokuwa na mita 146 na mawe yanayokadiriwa milioni 2.3, ilijengwa miaka kama 4,500 iliyopita, karne nyingi kabla ya zama anazowekwa Nabii Musa (a.s.). Tangu mwaka 1990 yamefukuliwa makaburi ya wajenzi wenyewe karibu na Giza, na jirani yake tanuri zao za mikate na mifupa yao iliyovunjika ikaungwa. Walikuwa Wamisri wa kawaida waliolishwa na kutibiwa, na waliochoka mapema migongo.

Vilevile jina la Firauni wa Musa. Qur'ani haikulitaja. Wengi husema Ramses wa Pili, wengine mwanawe Merneptah, na kuna simulizi nyingi za mitandaoni kuhusu daktari wa Kifaransa na chumvi ya bahari. Suratu Yunus aya ya 92 inatosha kutuambia kwamba mwili wake uliokolewa uwe ishara kwa wa baadaye. Tukianza kumnyooshea kidole maiti fulani ndani ya kioo na kusema "ndiye huyu", tumeongeza letu. Maiti hizo, wafalme 18 na malkia 4, zilihamishwa kwa gwaride kubwa usiku wa tarehe 3 Aprili 2021 na kupelekwa jumba jipya la makumbusho. Na jumba hilo liko Fustat, mji ule ule wa Amr bin al-As. Aliyedai kuwa mola mkuu, kama yumo humo, amelazwa jirani na msikiti wa kwanza wa Misri. Au hayumo. Allah ndiye ajuaye.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu kweli ni kitu kingine alichonisimulia kijana.

Kutoka Luxor walikwenda Aswan na Abu Simbel. Pale kiongozi wao aliwaeleza kwa muda mrefu, na kwa fahari, jinsi hekalu lilivyookolewa. Bwawa kubwa la Aswan lilipokuwa linajengwa, maji yangelifunika. Dunia ikachanga. Kati ya 1964 na 1968 mlima ukakatwa vipande zaidi ya elfu moja, vingine vya tani ishirini na zaidi, vikapewa namba, vikapandishwa mita 65 juu na kurudishwa nyuma mita kama 200, vikaunganishwa tena. Gharama ilifika dola milioni 40 hivi. Ni kazi ya ajabu, sikatai.

Kesho yake walipanda mashua Aswan. Mwenye mashua alikuwa Mnubi, na alipojua kijana ametoka Uganda akamwambia kwamba kijiji cha babu yake kiko chini ya maji. Hapo ndipo kijana aliposikia kwa mara ya kwanza habari ya watu. Kati ya 1963 na 1964 Wanubi takriban 50,000 upande wa Misri walihamishwa kupelekwa Kom Ombo, na idadi inayokaribiana na hiyo upande wa Sudani wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali na mto wao. (Msiwachanganye na Wanubi wetu wa Bombo. Hao asili yao ni askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwaingiza Uganda mwaka 1891.) Mitende yao, misikiti yao na makaburi ya wazee wao vyote vilizama. Sanamu la mfalme lilipewa namba kila kipande ili lisipotee hata kidole.

Kijana huyu amezaliwa Kivu, amekulia Nakivale. Anajua maana ya kupanda lori na godoro na sufuria. Aliniambia, "Mwalimu, usiku ule sikulala." Nikajua safari imemfaa.

Ndiyo maana siwezi kumwandikia kumkataza. Ziara zile zinasimulia wafalme na kuwaruka watu, na anayeweza kuliona pengo hilo haraka kuliko wote ni mtoto wa mkimbizi aliyefundishwa Qur'ani. Tukimzuia, nani atauliza?

Najua wengi wenu mtasema, Misri ni ya waliobahatika. Hati ya kusafiria ya mkimbizi ina safari yake ndefu, na nauli ya ndege si ya mbuzi wanne kwa kweli. Sawa. Lakini makumbusho ya Igongo yako Biharwe, barabara ya Masaka, si mbali na hapa Makenke, na palepale Biharwe pana mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, tukio ambalo wazee wa Ankole walilihifadhi kwa masimulizi mpaka wataalamu wa nyota wakalipatia tarehe yake. Ni watoto wangapi wa chuo chetu wamefika? Niliuliza darasa la watoto 34 wakanyoosha mikono wawili. Halafu maji ya Rwizi wanayochotea mjini yanaishia Ziwa Victoria, na ziwa linatoka Jinja kwenda kupita mbele ya mahekalu yote niliyoyataja. Hilo nalo hawakulijua.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakwenda Biharwe, inshaallah, wavulana na wasichana, na mama wawili wa kuwasimamia. Nauli tutachangiana, asiye nayo asimzuie mtoto. Kila mtoto aje na swali moja aliloandika nyumbani na mzazi wake. Simu zitabaki kwangu mpaka baada ya Adhuhuri.

Ama mzee wangu, nilimsomea haya yote kabla ya kuyapeleka. Kuhusu picha hajabadilisha kauli, na kijana ameifuta mwenyewe bila kuambiwa. Badala yake alituma nyingine, ule mlango wa msikiti ulioning'inia juu ukutani. Mzee aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akaniuliza, "Sasa hao waumini wanaingilia wapi?"

Nikamwambia kuna mlango mwingine upande wa pili. Akasema nimwulize kijana ampigie picha na huo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.